Jinsi ya Kuvunja Misimbo na Alama za Siri Ndani ya Gemu: Mwongozo Kamili

Gemu nyingi huficha maandishi ambayo hakuna mhusika atakayekusomea. Yamechongwa ukutani, yamepakwa kwenye bendera, yanamulika kwenye skrini iliyo ndani ya gemu yenyewe, na mchezaji anayepita mbio huyaona kama mapambo tu. Anayesimama kuyasoma hupata mlango usioonyeshwa kwenye ramani, mwisho wa pili wa hadithi, au historia nzima ya ulimwengu ule iliyofichwa makusudi. Mimi naipenda kazi hii kuliko sehemu nyingine yoyote ya gemu, na hapa nitakuonyesha utaratibu wake: unaanzia wapi, unaandika nini, unahesabu nini, na unajuaje kwamba umepata.

Wengi wanaokwama hukwama kwa sababu moja: wameanza kubahatisha maana kabla ya kuhesabu alama. Idadi ya alama, mahali zilipo na zinavyojirudia ni ushahidi ambao gemu imekupa bila kificho. Ushahidi huo ukiwa mezani, maana huja haraka. Usipokuwepo, utakisia hadi uchoke.

Nitataja gemu halisi, na katika baadhi yake nitafichua maandishi yalivyoundwa. Kama unapanga kucheza Fez, Tunic au Chants of Sennaar na hutaki kuharibiwa utamu, ruka aya zinazozitaja. Jedwali kamili la gemu yoyote sitalitoa.

## Je, ni msimbo au ni pambo?

Anza na swali hili, maana litakuokolea saa nyingi. Pambo hujirudia kwa mpangilio uleule: alama tano zilezile zimezunguka kila nguzo, kwa mfuatano uleule, katika kila chumba. Maandishi ya kweli hutumia alama zilezile kwa mfuatano unaobadilika. Ukiona alama fulani mwanzoni mwa mstari mmoja, katikati ya mwingine na mara mbili mfululizo katika wa tatu, hapo pana lugha au pana hesabu.

Angalia pia nafasi. Kama alama zimekaa katika makundi yenye urefu tofauti, mbili hapa, sita pale, tatu kule, kuna uwezekano mkubwa kwamba makundi hayo ni maneno.

Hata hivyo, maandishi ya kweli si lazima yawe na faida kwa mchezaji. Mfano maarufu ni meza ya Minecraft ya kutia nguvu za kichawi kwenye silaha na zana. Alama zinazoelea pale ni za Standard Galactic Alphabet, alfabeti iliyobuniwa na Tom Hall kwa ajili ya Commander Keen mwaka 1990. Kila alama inasimamia herufi moja ya Kilatini, na yeyote mwenye jedwali lake anaweza kuyasoma maneno hayo. Ila maneno huchaguliwa kibahati na hayahusiani kabisa na uchawi utakaoupata. Kwa hiyo ukishasoma mistari miwili mitatu na ukaona haina uhusiano wowote na kinachotokea kwenye gemu, furahia kwamba umeisoma, kisha endelea na mengine.

## Kusanya kabla ya kufikiri

Piga picha ya skrini kila unapokutana na alama, hata zile unazodhani umeshaziona. Kwenye daftari, karibu na kila nakala, andika mahali ulipoikuta, kitu kilichokuwa jirani yake (mlango, sanamu, mnyama, idadi ya taa), rangi yake, na upande ambao kamera ilikuwa imeelekea. Mambo haya yanaonekana madogo leo. Baadaye, utakapogundua kwamba kundi moja la alama linatokea tu karibu na maji, ndiyo yatakayokufungulia njia.

Nakili alama kwa mkono, usitegemee picha peke yake. Mkono hulazimisha jicho kuona vipande: mstari huu unaanzia juu, ule una kijiduara chini, huu hauna. Gemu nyingi huweka tofauti kubwa ya maana kwenye kijiduara kimoja.

Kila alama mpya ipe namba. Usiipe jina la herufi inayofanana nayo. Alama yenye umbo la E ukiiita E, akili itaisoma kama E kila mara na itakuwa vigumu kuiondoa huko. Namba haina upendeleo. Alama iliyogeuzwa au kulazwa ubavu, ihesabu kama alama tofauti hadi upate sababu ya kuziunganisha, kwa kuwa kuunganisha mbili baadaye ni rahisi kuliko kutenganisha moja uliyokwisha kuitumia kila mahali.

## Idadi ya alama inakuambia aina ya maandishi

Hatua hii hurukwa na wengi, ingawa ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Hesabu una alama ngapi tofauti, si ngapi kwa jumla.

Zikiwa mbili tu, fikiria mfumo wa jozi, yaani sifuri na moja, au Morse, ambayo ni fupi na ndefu pamoja na vituo. Zikiwa nne hadi nane, huenda si herufi kabisa: ni mielekeo au vitufe vya kidhibiti. Fez, iliyotoka mwaka 2012, ina maumbo yaliyojengwa kwa miraba minne minne, na kila umbo ni agizo la kitufe cha kubonyeza. Anayeyasoma kama herufi hafiki popote. Zikiwa kumi, kisia tarakimu. Zikiwa kumi na sita, kisia tarakimu za mfumo wa kumi na sita, unaotumiwa na kompyuta: katika No Man's Sky malango ya kusafiria yana alama 16, na kila anwani ni mfuatano wa alama 12. Nyuma ya michoro hiyo kuna namba: alama ya kwanza inataja sayari, na zinazofuata zinataja mfumo wa jua na mahali pake angani.

Kati ya ishirini na thelathini na kitu, karibu hakika una alfabeti. Usitarajie lazima 26. Alfabeti ya Fez ina alama 24 kwa sababu baadhi ya herufi zimeunganishwa na kuandikwa kwa alama moja, na maandishi ya mazimwi katika Skyrim yana alama 34 kwa kuwa baadhi zinasimamia sauti mbili pamoja. Zikifika hamsini hadi mia hivi, kuna uwezekano kila alama ni silabi. Zikizidi hapo na zikaendelea kuongezeka kila unapofungua chumba kipya, basi kila alama ni neno au wazo.

Kanuni hii haikuzaliwa kwenye gemu. Ndiyo iliyowaongoza watafiti wa maandishi ya kale ya Ugiriki yanayoitwa Linear B. Alama zake za sauti ni karibu 90, nyingi mno kwa alfabeti na chache mno kwa maandishi ya neno kwa neno, hivyo ilijulikana kuwa ni silabi kabla hata moja haijasomwa. Alice Kober alitumia miaka mingi kupanga alama hizo kufuatana na zinavyobadilika mwishoni mwa maneno, bila kuzikisia sauti, na juu ya msingi huo Michael Ventris aliyasoma mwaka 1952. Mbinu ya Kober inafaa sana kwenye gemu: tafuta maneno yanayofanana mwanzo na kutofautiana mwisho, au kinyume chake. Kwetu sisi tunaosema mtoto na watoto, kitabu na vitabu, macho yamezoea kutazama mwanzo wa neno, na ni zoezi zuri kuyafundisha kutazama mwisho pia.

## Unasoma kutoka upande gani?

Hili halihitaji muda mrefu. Tazama mstari wa mwisho wa maandishi marefu, ambao kwa kawaida ni mfupi kuliko mingine. Upande ambao mistari yote imelingana ndio mwanzo, na upande wenye mapengo ndio mwisho. Kama kilichokatika ni safu ya wima, maandishi yanasomwa juu kwenda chini. Maandishi ya Fez hushuka wima, na safu zake huanzia kulia. Kama kila kitu kimelingana pande zote, soma pande zote mbili na uendelee na kazi. Marudio ya alama hayabadiliki hata ukisoma kinyume.

## Tafuta neno unalolijua tayari

Jiwe la Rosetta lilipatikana mwaka 1799 likiwa na tamko moja kwa maandishi matatu, na mwaka 1822 Champollion, msomi wa Kifaransa, alitangaza jinsi maandishi ya Misri ya kale yanavyosomwa. Kilichomfungulia njia ni majina ya wafalme yaliyozungushiwa mstari wa umbo la yai: alijua majina hayo kutoka Kigiriki, na majina hayabadiliki sana kutoka lugha moja hadi nyingine.

Ndani ya gemu, fanya vivyo hivyo. Tafuta mahali ambapo unajua maandishi *yanapaswa* kusema nini. Jina la gemu kwenye ukurasa wa kwanza wakati mwingine limeandikwa mara mbili, kwa herufi za kawaida na kwa alama. Jina la mji liko kwenye ramani na pia kwenye kibao cha lango. Duka lina kibao. Kaburi lina jina la mtu ambaye wahusika wamemtaja. Chupa ya dawa ina lebo. Linganisha urefu na marudio: kama mji una herufi sita na ya pili inafanana na ya tano, kibao cha alama sita chenye ya pili na ya tano zinazofanana kinastahili kujaribiwa mara moja.

Baadhi ya gemu hukuwekea jiwe la Rosetta kabisa. Fez ina chumba chenye mbweha na mbwa aliyelala, na maandishi yake ni ile sentensi ya Kiingereza ya mbweha wa rangi ya kahawia anayemruka mbwa mvivu, inayojulikana kwa kuwa na herufi zote za alfabeti. Anayeitambua picha hiyo amepata alfabeti nzima kwa mkupuo. Final Fantasy X ya mwaka 2001 inatumia njia ya taratibu: kuna vitabu 26 vya lugha ya Al Bhed vilivyotawanywa, na kila kimoja kinakufunulia herufi moja.

Al Bhed ina funzo jingine. Kwa Kiingereza, irabu zake hubadilishwa kwa irabu na konsonanti kwa konsonanti, Y ikihesabiwa pamoja na irabu, ili waigizaji waweze kuyatamka maneno. Kwa hiyo ukikutana na msimbo ambao wahusika wanautamka kwa sauti, shuku mara moja kwamba irabu zimebaki upande wa irabu. Shuku hiyo peke yake inapunguza kazi sana.

## Hesabu ya marudio, kwa mfano kamili

Mbinu ya kuhesabu marudio ya herufi ilielezwa na al-Kindi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Kila lugha ina herufi inazozipenda. Katika Kiingereza, E huchukua karibu 12 hadi 13 katika kila herufi 100, T kama 9, A kama 8. Katika Kiswahili, A huongoza kwa mbali na I hufuata, na karibu kila neno huishia kwa irabu.

Tuvunje msimbo pamoja. Nimeutunga kwa Kiswahili ili uone kila hatua bila kuhangaika na lugha nyingine. Tuseme uko kwenye ukumbi wa gemu wenye taa saba zilizozimika na mlango uliofungwa, na juu ya mlango kuna makundi sita ya alama. Umezipa namba, na nakala yako inasomeka hivi:

1-2-3-4-2
5-2-2
5-2-5-6
7-2
8-9-2-7-10-11
6-5-2-12-6-7-10-6-13-2

Alama tofauti ni 13 na jumla ni 30. Alama namba 2 imetokea mara 9. Namba 5 na namba 6 mara 4 kila moja, namba 7 mara 3, namba 10 mara 2, na zilizobaki nane mara moja moja. Kisha tazama miisho: makundi manne kati ya sita yanaishia kwa namba 2. Inayojirudia kuliko zote na inayopenda mwisho wa neno ni A. Iandike.

Sasa kundi la pili ni konsonanti moja ikifuatwa na A mbili. Maneno ya namna hiyo hayako mengi: taa, saa, kaa, vaa, faa, paa, jaa, zaa. Usichague bado. Kundi la tatu linaanza na konsonanti ileile, A, konsonanti ileile tena, kisha herufi nyingine isiyo A. Jaribu kila moja: *saa* inadai neno linaloanza SAS na kuishia kwa irabu nyingine, *kaa* inadai KAK, *taa* inadai TAT. Hapo *taa tatu* inasimama yenyewe, na mbele yako kuna taa. Kwa hiyo 5 ni T na 6 ni U.

Peleka herufi hizo kwenye kundi refu la mwisho: U-T-A-12-U-7-10-U-13-A. Mwanzo ni *uta-*, yaani kitenzi cha wakati ujao chenye kiambishi U, kinachotumika kwa vitu kama mti, mlango, mto. Alama 7 peke yake na A inafanya neno la herufi mbili: na, ya, wa, la, za. Alama 7 na 10 zimefuatana mara mbili katika maandishi mafupi hivi, jambo linaloashiria konsonanti mbili zinazopenda kukaa pamoja, kama ND, NG, NJ, NZ. Zote zinaanza na N, na *na* ni neno halali. Chukua 7 kuwa N. Kundi la tano sasa ni 8-9-A-N-10-11, na mbele yako kuna mlango. *Mlango* inatoshea kila nafasi: M, L, A, N, G, O, na herufi hizo mpya hazigongani na ulizokwisha kuzipata. Kundi la mwisho linakuwa U-T-A-12-U-N-G-U-13-A, ambalo ni *utafunguka*. La kwanza, 1-A-3-4-A, kabla ya *taa tatu*, ni *washa*.

Washa taa tatu na mlango utafunguka.

Tulia hapohapo, kwa sababu kuna mtego. Alama namba 12 imetokea mara moja tu. Ukiweka Z badala ya F unapata *utazunguka*, neno halali kabisa, na mlango unaozunguka si jambo la ajabu kwenye gemu. Maandishi haya peke yake hayawezi kukuamulia. Ni ama uwashe taa tatu uone kinachotokea, ama utafute alama namba 12 kwenye maandishi mengine. Kwenye jedwali lako tumia kalamu ya wino kwa herufi zilizothibitishwa katika maneno mawili au zaidi, na penseli kwa zilizotokea mara moja. Tofauti hiyo ndogo huzuia kosa moja lisienee kwenye maandishi yote yanayofuata.

Ona pia kwamba I, ya pili kwa wingi katika Kiswahili, haimo kabisa katika sentensi yetu. Maandishi mafupi hayafuati wastani. Hesabu ya marudio inakupa pa kuanzia, na uamuzi wa mwisho hutolewa na muundo wa maneno.

Kwa Kiingereza, ambacho ndicho kilichofichwa katika gemu nyingi, vishikizo ni vingine. Neno la herufi moja ni A au I. Kundi la herufi tatu linalojirudia sana huwa THE, na likikubali limekupa T, H na E kwa mkupuo mmoja. Herufi zinazopenda kujirudia mbili mbili ni L, S, E na O. Usisahau kwamba gemu iliyotengenezwa Japani huenda imeficha Kijapani: katika gemu za Zelda, alama za Kihylia za The Wind Waker ni silabi za Kijapani, wakati maandishi ya Kisheikah katika Breath of the Wild yanasimamia herufi za Kilatini. Ukiwa na maandishi marefu, umehesabu vizuri na bado hakuna neno linalotoka, badilisha dhana yako kuhusu lugha kabla ya kubadilisha jedwali.

## Alama inapobeba sauti au wazo

Tunic, iliyotoka mwaka 2022, huwashinda wengi kwa sababu wanaisaka alfabeti ambayo haipo. Maandishi yake ni Kiingereza kilichoandikwa kwa sauti. Kila alama ina mistari ya nje na mistari ya ndani: ya nje ni irabu, ya ndani ni konsonanti, na kijiduara kidogo chini hugeuza mpangilio ili irabu itangulie. Dalili ilikuwa kwenye hesabu: alama nzima ni nyingi mno kwa alfabeti, lakini zote zimejengwa kwa mistari michache inayojirudia. Ukiona hali hiyo, acha kuhesabu alama na uanze kuhesabu vipande. Chora kiunzi chenye mistari yote inayowezekana, kisha kwa kila alama weka wino juu ya mistari iliyopo. Anayesoma kwa silabi tangu utotoni, ma-na-ni, ataizoea mantiki hii upesi. Ugumu uko kwenye Kiingereza chenyewe, ambacho hakitamkwi kama kinavyoandikwa, kwa hiyo sema maneno kwa sauti badala ya kuyatazama.

Alama za wazo zinataka uvumilivu mwingine. Chants of Sennaar ya mwaka 2023 ina lugha tano, na daftari lake linakuruhusu kuandika kisio chini ya kila alama, kisha linathibitisha ukilinganisha kundi zima sawasawa na michoro. Heaven's Vault ya mwaka 2019 hujenga maneno marefu kwa kuunganisha vipande vya maana. Katika zote mbili tafuta kipande kinachorudi kwenye alama za aina moja, mfano alama zote za watu au zote za vitendo. Alama mbili zilezile zikifuatana, fikiria wingi kwanza. Na kisio chako kiwe kipana mwanzoni: andika "kitendo, kinahusu mlango" badala ya "fungua". Neno pana husahihishwa kwa urahisi. Neno finyu hukupofusha.

## Msimbo ukikataa hesabu

Wakati mwingine herufi ni za kawaida lakini maneno hayasomeki. Jaribu kwanza kuzisogeza zote kwa idadi moja: Julius Caesar alisogeza tatu, na siku hizi kumi na tatu ni maarufu kwa kuwa kusogeza mara mbili hukurudisha ulipoanza. Jaribu pia kugeuza alfabeti, A kuwa Z na B kuwa Y. Mistari ya pembe na miraba, mingine ikiwa na nukta katikati, ni msimbo wa zizi la nguruwe. Nukta ndani ya safu mbili za tatu tatu ni Breli. Sifuri na moja zikikaa nane nane, tazama mwanzo wa kila kundi: herufi kubwa za kompyuta huanza na 010, ndogo na 011, na A kubwa ni 01000001. Mchanganyiko mrefu wa herufi kubwa, ndogo na tarakimu unaoishia kwa alama ya sawasawa huenda ni Base64, njia ya kompyuta ya kuandika data kwa herufi, na programu yoyote ya kuibadilisha itakupa jibu papo hapo. Katika Undertale kuna maandishi ya siri ambayo ni fonti ya Wingdings tu, iliyomo kwenye kompyuta nyingi.

Ukihesabu marudio ukakuta herufi zote zinakaribiana, hakuna inayoongoza, huenda huo ni msimbo wa Vigenère, ambao kila herufi husogezwa kwa idadi inayoamuliwa na neno la siri. Friedrich Kasiski alichapisha njia ya kuuvunja mwaka 1863. Tafuta makundi ya herufi tatu au zaidi yanayojirudia, pima umbali kati yao, kisha tafuta namba inayogawanya umbali huo wote. Ukipata umbali wa 12 na 18, neno la siri huenda lina herufi 6, au 3, au 2. Lakini kabla ya kupima chochote, jaribu majina ya wahusika wakuu kama neno la siri. Watengenezaji wa gemu wanataka uvunje msimbo, na mara nyingi wameuacha ufunguo ndani ya hadithi.

Sauti nazo huficha alama. Milio ya ajabu kwenye redio ya gemu, isikilize kama Morse: katika Portal, sasisho la Machi 2010 liliingiza redio zenye Morse na picha zilizogeuzwa kuwa sauti. Kelele isiyoeleweka, ifungue kwenye programu ya bure kama Audacity na uiangalie kama spektogramu, mchoro unaoonyesha masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda. Katika muziki wa Doom ya 2016, mchoro wa wimbo wa Cyberdemon una nyota za pembe tano na namba 666.

## Thibitisha, kisha omba msaada kwa kiasi

Usomaji umethibitika pale unapofanya kazi kwenye maandishi ambayo hukuyatumia kuujenga. Kwa hiyo weka kando picha moja ya skrini tangu mwanzo, usiiguse, na jedwali likikamilika lisomee hiyo. Likitoa maneno yenye maana, umemaliza. Likitoa vipande vya maneno, kuna herufi mbili tatu za penseli za kurekebisha. Likitoa vurugu, rudi kwenye idadi ya alama.

Kama umekwama na unataka kuuliza wengine, uliza swali dogo: "Je, ni alfabeti au silabi?" inatosha kukuondoa kwenye mkwamo bila kukunyang'anya ugunduzi. Kufungua mafaili ya gemu kutafuta jibu ninakuona kama njia ya mwisho, maana utaona kila siri kwa pamoja, hata zile ambazo hukuzitafuta.

Na kujaribu michanganyiko yote, moja baada ya nyingine? Piga hesabu kwanza. Magurudumu matatu ya tarakimu kumi yana michanganyiko 1,000, kazi ya jioni moja. Manne yana 10,000. Vitufe vinane kwa mfuatano wa hatua saba vinapita milioni mbili, na hapo mtu mmoja hawezi. Fumbo la jiwe jeusi katika Fez ndivyo lilivyofunguliwa: wachezaji wengi waligawana mifuatano na kuijaribu mmoja mmoja hadi mmoja ukakubali, na hadi leo hawajakubaliana ni dalili ipi ndani ya gemu ilipaswa kuwafikisha kwenye mfuatano huo. Mkifanya hivyo kwa kikundi, wekeni jedwali moja la pamoja linaloonyesha nani amechukua sehemu ipi na ipi imeshajaribiwa, na kila mtu arekodi skrini yake, kwa sababu mfuatano sahihi ukiingizwa vibaya mara moja na kufutwa kwenye orodha, hakuna atakayeurudia.